Mpangaji wa Koo la Mandefro

Ninachotaka kuwasimulia hamtakiamini, wala sitawalaumu. Hata padri wetu, ambaye kazi yake ni kuamini, aliponisikiliza alikuna ndevu akasema, "Gebeyehu, hebu rudia hapo katikati." Lakini mimi nilikuwepo. Niliyaona kwa macho yangu haya, makali kuliko macho yote ya huku kwetu Gayint, na ninayaandika kwa mkono wangu. Nimesoma hadi darasa la nne. Hilo la nne nililirudia, kwa hiyo nalijua vizuri kuliko wale waliolipita mbio. Kitu kimoja tu: mimi siwezi kuandika kimyakimya. Kila neno lazima nilitamke kwanza, ndipo kalamu inisikie.

Habari yenyewe ni ya mpwa wangu Mandefro, mtoto wa marehemu dada yangu. Na kabla ya kufika kwenye koo lake, sharti muijue sauti yake.

Mandefro ni mkulima kama wakulima wengine. Ana shamba la mteremko lenye mawe mengi kuliko udongo, ana mke aitwaye Enanye, na ana maksai wawili: Dama, mwekundu, na Gracha, wa kijivu. Nyumbani ni mpole mpaka inakera. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Lakini mweke nyuma ya plau uone. Kuanzia mfuo wa kwanza hadi wa mwisho hanyamazi. Atamsifu Dama, atamsuta Gracha, atawakumbusha mama zao walivyokuwa wachapakazi, atawaimbia, atawabembeleza, na wale maksai wanakwenda kama wanavutwa kwa kamba ya sauti. Mjeledi wake hauna kazi ila kufukuza nzi. Kila mtu kwetu huongea na maksai wake, lakini maksai wa Mandefro ndio pekee wanaosikiliza. Wanawake waliokwenda kuteka maji ng'ambo ya bonde walikuwa wakisema, "Twendeni, ameshafika kwenye wimbo wa Gracha, jua litatuunguza."

Mwishoni mwa kiangazi sauti ile ikaanza kukwaruza. Kijito kilikuwa kimebaki vidimbwi, mbingu nyeupe, sisi tunapiga mfuo wa pili tukingojea mvua. Mwanzo tukasema ni vumbi. Kisha ikawa kama mlango mbovu. Kisha akawa ananong'ona, anakohoa, na siku moja akatema damu kwenye kitambaa, akakikunja upesi. Enanye alikiona.

Mnajua watu wakisikia kikohozi cha damu. Wale waliokuwa wakija kunywa kahawa kwa Enanye raundi zote tatu, wakawa wanaishia ya kwanza, kisha wanakumbuka wana mbuzi wa kuangalia. Kikombe cha Mandefro kikapewa pembe yake peke yake.

Tukamwita mzee Akalu, mkata vilimi, ambaye kwake kila ugonjwa wa koo dawa yake ni wembe. Akamwasamisha mpwa wangu juani, akachungulia, akachungulia tena.

"Kilimi chenyewe kiko wapi?" akauliza.

"Ulikikata wewe, mzee, alipokuwa mtoto," nikamwambia.

"Ah," akasema. "Nilifanya kazi safi." Akafunga wembe wake, akaomba kahawa, akaondoka.

Wakati huo shamba lilikuwa linangoja. Tefu, nafaka yetu, si mtama, haivumilii ardhi mbovu. Usipolima na kurudia na kurudia tena kabla ya mvua kubwa, mbegu inazama matopeni, na mwaka mzima utakuwa unakwenda kuzungumza kwa majirani wakati wa chakula. Mandefro alisimama nyuma ya plau, akafungua mdomo, na maksai hawakusikia kitu. Hawakutoka. Akainua mjeledi, akaushusha. Hajawahi kuwapiga wale, asingeanzia hapo.

Nikasema, watu wangu, mpisheni mwenye sauti. Mimi Gebeyehu nilikuwa naimba harusini kabla Mandefro hajaota meno. Nikashika plau, nikaiga kila kitu: sifa, masuto, mama zao. Gracha akageuza kichwa, akanitazama kama mtu anavyomtazama mkwe asiyemtaka. Dama akalala chini, palepale ndani ya mfuo, akaanza kucheua.

Enanye alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe. Kisha kicheko kikageuka, akajifunika uso kwa shuka, na nikajua hapakuwa na mzaha tena.

Kwenye kituo cha afya walimpima makohozi, wakakuta hayana kifua kikuu. Muuguzi akasikiliza pumzi yake inavyopiga mluzi, akasema, "Hili si la kwangu. Mpelekeni mjini, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Msichelewe." Tukaondoka siku hiyohiyo, mimi na yeye, kwenda Bahir Dar. Nilichaguliwa mimi kwa sababu ya ujuzi wangu wa miji. Enanye anadai ni kwa sababu maksai walikuwa wamenichoka.

Hospitalini tukaingizwa chumba ambamo alikaa binti mmoja mdogo, umri wa mjukuu wangu, amejifunga taa kwenye paji la uso kama mchimba madini.

"Binti," nikamwambia, "daktari mwenyewe anakuja saa ngapi?"

"Ameshafika, baba. Kaa."

Huyo ndiye Daktari Bezawit. Alimtazama Mandefro usoni, akamsikiliza anavyovuta pumzi, kisha hakuuliza kuhusu kikohozi wala damu. Akauliza, "Unakunywa maji wapi?"

"Nyumbani," nikamjibia.

"Baba, nimemuuliza yeye."

Mandefro akainama kidogo pale kitini, akaonyesha kwa kichwa jinsi mtu anavyotia mdomo kwenye dimbwi.

"Kijitoni? Bila kuteka?"

Akaitikia.

"Wanakokunywa ng'ombe?"

"Wao kwanza," akanong'ona. "Ndio wanaofanya kazi."

Daktari akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Akachukua mrija mwembamba mweusi wenye taa kwenye ncha, akampulizia dawa ya ganzi puani, akausukuma taratibu. Picha ikatokea kwenye kioo kama cha televisheni. Niliona pango jekundu lenye majimaji, na nyuzi mbili nyeupe zinazotetemeka kama mlango wa hema. Chini ya ule mlango palikuwa na kitu cheusi kinachong'aa. Mandefro akavuta pumzi. Kile kitu kikajinyoosha.

Mimi sikuzimia. Naomba hilo lieleweke. Nilikaa chini sakafuni ili nione vizuri zaidi.

"Umempangisha mtu," daktari akamwambia Mandefro. "Ruba. Aliingia mdogo kama uzi, amekaa hapo anakunywa damu yako, na anazidi kunenepa."

Hapo nikasimama. Ruba tunawajua sisi. Wanaingia puani mwa ng'ombe kila kiangazi, na dawa yake ninaijua toka kwa baba yangu. "Daktari, usijisumbue," nikasema. "Loweka tumbaku kwenye maji, mmiminie. Ruba anaachia palepale."

"Kweli, ataachia," akasema. "Halafu atateremkia wapi, baba? Hapa si puani. Hapa ni kwenye njia ya pumzi. Akiachia ovyo ataziba mapafu."

Nikakaa tena.

Akatueleza polepole, kila neno likiwa mahali pake. Ruba alikuwa amejibandika chini kidogo ya nyuzi za sauti, mahali ambapo njia ya hewa ni nyembamba kuliko kote. Mtu akiwa macho, ukimgusa pale koo linajifunga lenyewe. Kwa hiyo Mandefro angelazwa usingizi wa dawa, aingizwe bomba la chuma mdomoni, na koleo ndogo ipite ndani yake imkamate ruba na kumbandua mzima, bila kumkata. "Akitoka mzima hivyo, sauti yako inarudi. Lakini pumzi ikiziba kabla hatujafika, nitalazimika kukutoboa shingo hapa chini, upumulie hapo. Utaishi. Ila kulima na kuimba, kwa msimu huu usahau."

Mandefro akashika shingo yake. Nilijua hakuwa anafikiria shingo. Alikuwa anawafikiria Dama na Gracha.

"Ni kesho asubuhi," daktari akasema. "Kuanzia leo usiku usile, usinywe, hata tone. Ukiwa kwenye usingizi wa dawa, kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni."

Wakampa kitanda wodini, wakaning'iniza juu yake kibao chenye maandishi makubwa: ASILISHWE KITU. Hata mimi nilikisoma bila kurudia.

Sasa, yupo dada yangu mkubwa, Etagegn, aliolewa mjini zamani sana. Mama yake Mandefro alipofariki, Etagegn ndiye aliyemlea miaka ile ya mwanzo. Alfajiri akaja wodini amejitanda shuka lake jeupe, kikapu kimefunikwa kifuani kama mtoto mchanga. Hajui kusoma. Akatafuta mahali pa kutundika shuka lake, akaona kile kibao kimekaa vizuri kama msumari, akalitundika hapohapo, maandishi yote yakafunikwa.

Mimi nilikuwa nimekwenda kunawa uso. Niliporudi, alikuwa ameshakata kipande cha injera, mkate wetu laini wa tefu, amekizungusha kwenye mchuzi wa kuku, amekifinyanga vizuri, na mkono wake uko mdomoni mwa Mandefro.

Gursha, tonge la upendo, haikataliwi. Mkono wa mkubwa ukija mdomoni mwako na tonge, unafungua. Na haiwi moja, kwa sababu moja huleta ugomvi. Ya pili ni ya kupatana, na ya tatu ni ya kufunga mapatano yasifunguke. Mandefro yule, anayeomba radhi kwa kukanyagwa, angewezaje kufumba mdomo mbele ya mama yake mkubwa? Macho yalimtoka, machozi yakamlengalenga, akafungua. Nilipofika ilikuwa ni ile ya tatu, tena ina yai.

"Etagegn, unafanya nini?"

"Namlisha mtoto. Watu gani wanampeleka mtu kwenye kisu na njaa? Hata kondoo hunyweshwa maji kwanza."

Muuguzi akaingia na kitanda cha magurudumu. "Hujala kitu?" akamuuliza Mandefro.

Mandefro ni mtu asiyejua uongo. Akameza, akanong'ona, "Sijala. Nimelishwa."

Daktari Bezawit akaja. Hakupandisha sauti. Aliinua shuka kwenye kibao, akalikunja, akamkabidhi Etagegn.

"Mama, nani amekuambia umlishe?"

"Nani aniambie? Nilikuwa namlisha huyu kabla wewe hujazaliwa."

"Umempa nini?"

"Kuku."

"Kuku tu?"

"Na yai."

"Na yai," daktari akasema, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kisha akamshika Etagegn mkono, akamweleza kama alivyotueleza sisi: usingizi wa dawa, tumbo, mapafu. Kwamba sasa lazima wangoje hadi kesho, na ruba hangoji, ananenepa. Dada yangu akaanza kujifuta mchuzi vidoleni kwa ncha ya shuka lake.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Pumzi ya Mandefro ikawa inapiga mluzi mpaka kitanda cha mwisho wanasikia. Kila alipovuta hewa, kishimo cha chini ya shingo kilididimia, palepale daktari alipopaonyesha kwa kidole. Wakamtilia hewa puani, wakamketisha akiegemea mito. Nikawa namsimulia mambo ya kuchekesha, kisha nikaacha, maana kucheka kulimkaba.

Na balaa la gursha halikuwa limekwisha. Wodi nzima ilikuwa ni ya watu wenye adabu. Ikafika saa ya chakula, vikapu vikafunguliwa, na kila mtu anamwona kijana wa watu anayengoja kisu. Akaja fundi cherehani mwenye taya limevimba, tonge mkononi. "Kwa kifo changu," akamwapia, "pokea." Mandefro akanitazama. Mdomo wake ulikuwa umeanza kufunguka wenyewe.

Nikajitupa katikati nikalidaka lile tonge kwa mdomo wangu. "Mimi ni mjomba wake," nikasema nikitafuna. "Ya kwake ni yangu." Fundi akafikiri, akaridhika, akaleta ya pili na ya tatu. Akaja mkulima wa Dangila aliyefungwa bandeji sikioni. Akaja mama mmoja na mchuzi wa shiro wenye pilipili ya kuamsha maiti. Zote nikazipokea. Hakuna shujaa wa Gayint aliyewahi kula kwa ajili ya ndugu yake kama nilivyokula mimi siku ile. Jioni muuguzi alinikuta nimelala chali kwenye mkeka, tumbo juu, akaniuliza mimi nimepangiwa upasuaji wa lini.

Aliyeniokoa ni Etagegn. Alikaa mlangoni kwenye kigoda, kikapu kitupu kimefunikwa kifudifudi magotini, na kila aliyesogea na tonge alimzuia. "Huyu halishwi," akasema. "Una hamu ya kulisha, mlishe yule mlafi pale chini. Au nilishe mimi." Hakuna aliyethubutu.

Asubuhi wakamchukua. Alipopita mlangoni alimgusa Etagegn bega, maana sauti hakuwa nayo hata ya kunong'ona.

Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi na dada yangu. Hakusali, hakulia. Alikuwa anasugua vidole vya mkono wake wa kulia, vile vinavyofinyanga tonge, kama vina uchafu.

"Gebeyehu," akasema, "nimemwua?"

Mimi nina jibu la kila kitu. Nikatafuta la kumchekesha, sikulipata. "Bado anapumua, dada. Nimemsikia mluzi mpaka wamefunga mlango."

"Na sasa unausikia?"

Tukasikiliza. Hatukusikia kitu.

Mlango ulipofunguliwa, Daktari Bezawit alitoka na chupa ndogo yenye maji ya chumvi. Alikuwa ameshusha barakoa kidevuni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. "Mpangaji amehama," akasema. "Katoka mzima. Alijaribu kuteremka, nikamwahi. Shingo ya mtoto wenu haijaguswa."

Etagegn akamshika daktari mabega, akambusu shavu hili na lile na hili tena, mpaka taa ya paji la uso ikaanguka.

Tukaruhusiwa kumwona. Alikuwa amelala, kifua kinapanda na kushuka, na hapakuwa na mluzi. Sijawahi kujua kwamba kimya kina utamu wake. Tulisimama pale tunasikiliza mtu akipumua kama watu wanavyosikiliza mvua ya kwanza kwenye bati. Alipoamka daktari akamwonya: siku kadhaa asiseme neno, hata kunong'ona, nyuzi zipone. Na jioni, akasema, anaweza kunywa uji.

"Naweza kumlisha mimi?" Etagegn akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo.

"Jioni, mama. Tena vijiko vitatu, usigombane naye."

Tukarudi nyumbani. Mandefro akakaa kimya siku zote alizoambiwa, na mimi nikaongea badala yake ili kijiji kisipungukiwe. Kikombe chake Enanye akakirudisha pamoja na vingine, tena mbele ya wageni, akakigonga mezani wote wasikie. Siku hizi maji ya shambani Mandefro anakwenda nayo kwenye dumu, yamechujwa kwa kitambaa, na ukitaka kuinama kijitoni atakushika kola.

Siku aliyoruhusiwa kusema, mawingu yalikuwa yameshakaa mlimani. Alfajiri tulikwenda wote shambani, hata wale wa kahawa ya raundi moja. Akawafunga nira Dama na Gracha, akashika plau, akasimama. Nilimwona anaogopa. Enanye alikuwa ameshika mkono wangu, anauminya kama nguo ya kufuliwa.

"Dama," akasema. Ilikuwa sauti ndogo, ina kutu.

Sikio la Dama likageuka nyuma.

"Dama, mwana wa mama yangu. Gracha, baba. Mmeshiba usingizi?"

Kamba za nira zikakazika, ncha ya plau ikazama. Walipofika kwenye jiwe kubwa alikuwa ameanza kuimba, na ng'ambo ya bonde mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Enanye akaachia mkono wangu, akakaa kwenye lile jiwe lake. Safari hii alianza na machozi akamalizia na kicheko.

Na mvua ilisubiri mpaka akamaliza mfuo wa mwisho. Haya, karibu wa mwisho.

Sasa hivi ninavyoandika, nikitamka kila neno, nimekaa ukingoni mwa shamba hilohilo, karatasi gotini, na yeye yuko katikati anasawazisha udongo wa kumwaga tefu. Mpaka hapa hajapinga neno, ila pale niliposema Gracha alinitazama, kasema hakunitazama kabisa. Limebaki jambo moja tu, la yule ruba mwenyewe, kwa sababu kila mtu ananiuliza alikuwa mkubwa kiasi gani, na mimi nilimwona ndani ya chupa mchana kweupe. Basi tulieni, wapenzi wasomaji. Ruba yule alikuwa mnene kama mpini wa plau, chupa ilikuwa imembana mpaka macho yamemtoka, na daktari alipomnyoosha mezani alifika kutoka kwenye kiwiko changu hiki hadi

"Kidole, mjomba," sauti imetoka katikati ya shamba, na maksai hawajasimama. "Andika kidole, tena kile kidogo. Haya Dama, geuka, baba, tumwache na ruba wake."